Maji Usiyoyafika Hujui Wingi Wake



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wasomaji, swali la wiki hii limeletwa na mama mmoja ambaye mwanawe, mwenye umri wa miaka 13, amechaguliwa kuwa miongoni mwa watoto watakaokwenda Oman mwishoni mwa mwaka kushindana katika vimashua vya tanga. Imebaki miezi 8. Babu wa mtoto huyu alikuwa nahodha wa jahazi, na baba yake ameshakata shauri kwamba bahari imo damuni mwa kijana, hana haja ya kufunzwa mengi, naaende tu akawaoneshe. Mama hana utulivu. Anahofia maji, anahofia ugeni, anahofia swala za mwanawe, na anahofia fedha. Tena hana wa kumweleza hofu hizo bila ya kuambiwa kuwa yeye ni mwoga. Anauliza mambo mawili. Kujitayarisha kwa mashindano ya namna hiyo ni kufanya nini hasa? Na je, amruhusu?

Jibu letu ni kwamba amruhusu, lakini asimruhusu kwa hoja ya baba yake. Hoja ile ndiyo ya kuogopwa zaidi kuliko bahari yenyewe. Na hofu za mama si woga. Ukizitazama moja moja utaona kwamba zote ni sehemu za matayarisho, na kila moja ina kazi yake ya kufanywa kabla ya siku ya safari.

Elimu hairithiwi kwa damu

Mtoto hurithi rangi ya macho na umbo la pua. Elimu hairithi; hufunzwa. Babu yake hakuzaliwa nahodha. Alianza kwa kufua maji ngamani na kuwapikia wakubwa, akafunzwa kutweka na kutua tanga, akapigwa na jua na mvua miaka mingi, ndipo akaaminiwa usukani. Lau mzee huyo angetiwa leo katika kimashua cha mashindano, angeuliza maswali mengi kabla ya kugusa kamba, na maswali hayo ndiyo yangekuwa alama ya unahodha wake. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, wala hawakumtoa katika msemo huo mtoto wa nahodha.

Hebu tuwatazame hao hao wenyeji atakaokwenda kushindana nao. Watu wa Sur na Maskati walikuja kwetu na kaskazi na wakarejea kwao na kusi kwa karne nyingi. Wengi wetu tuna nasaba nao. Kama kuna watu wangeweza kudai kwamba bahari imo damuni mwao, ni hao. Hata hivyo, mwaka 2008 nchi yao iliona haja ya kuanzisha taasisi maalumu, Oman Sail, ili kuwafunza vijana upya kazi ya tanga, kwa kuwa walitambua kwamba injini na ofisi zilikuwa zimewatenga na ujuzi wa wazee wao. Mwaka uliofuata, 2009, Mohsin Al Busaidi, akiwa mmoja wa mabaharia wa chombo kiitwacho Musandam, alikuwa Mwarabu wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga pasi na kutua popote. Watoto atakaowakuta kijana wetu katika mstari wa kuanzia wamelelewa katika juhudi hiyo. Hawakuachiwa urithi peke yake; walifundishwa.

Na sisi je? Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1960, mashindano ya tanga yalipofanyika katika ghuba ya Napoli huko Italia, Kenya ilikuwa na chombo chake. Lakini mabaharia wake hawakutoka Lamu, wala Pate, wala Vanga. Sisi tunaojifakhirisha kwa mtepe na jahazi hatukuwamo. Wala mtu asidhani kwamba mlango huo umefungwa kwa watu wa bahari hii yetu. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, majirani zetu wa Msumbiji waliwakilishwa na Deizy Nhaquile katika chombo cha mtu mmoja, na Denise Parruque na Maria Machava katika chombo cha watu wawili. Walifika huko kwa mazoezi.

Kazi ya miezi 8

Chombo ambacho watoto wa umri huu hushindania kwa wingi duniani huitwa Optimist. Kilisanifiwa mwaka 1947 huko Florida, Marekani, na fundi aitwaye Clark Mills. Urefu wake ni kama mita 2.3 tu, kina tanga moja, usukani mmoja, na ubao unaoshushwa majini katikati ili kisisukumwe kando na upepo. Mtoto hukiongoza peke yake mpaka mwaka anaotimiza miaka 15. Ukikiona ufukweni utadhani ni kihori cha kuchezea. Lakini ndani yake hamna serahangi wala baharia wa pili. Mtoto ndiye nahodha, ndiye mshika demani, ndiye mfua maji.

Miezi mitatu ya kwanza iwe ya mwili na ya usalama. La kwanza kabisa, ajue kuogelea akiwa amevaa nguo, na ajue kuelea akiwa amechoka. Watoto wengi wa pwani hujua kuruka ngazini na kucheza maji ya ufukwe, na wazazi wao wakaridhika, hilo halitoshi. Jaketi la kuokolea limkae barabara, lifungwe kila siku, hata siku bahari imelala kama mkeka. Kisha apinduliwe. Namaanisha kwamba chombo kipinduliwe kwa makusudi, mbele ya mkufunzi na boti ya uokozi, akiinue, apande, afue maji, aendelee. Na afanye hivyo mara nyingi hata kupinduka kusiwe jambo la kumshtua. Mama anayetaka kupunguza hofu yake na aende akalishuhudie zoezi hili kwa macho yake. Na akifika huko asione boti ya uokozi, amchukue mwanawe warejee nyumbani, kwani huyo mkufunzi bado hajawa tayari kuaminiwa watoto wa watu.

Miezi mitatu ya pili ni ya ufundi, na hapa ndipo watoto wengi huchoka. Mashindano haya hayaendi moja kwa moja. Maboya huwekwa majini, na la kwanza huwa upande upepo utokako, kwa hivyo chombo hakina budi kulifikia kwa kubisha, huku na huku, kikiugeuza upepo kutoka shavu moja hadi jingine. Anayebisha vibaya hupoteza urefu wa chombo kizima kila ageukapo. Akigeuka mara kumi, wenzake wameshamwacha mbali. Basi mkufunzi mwema humgeuza mtoto mara hamsini asubuhi moja. Humwambia asimame mahali pamoja karibu na boya, tanga likipepea, asisogee mbele wala nyuma. Humvua usukani akaendeshe kwa uzito wa mwili na kwa tanga peke yake. Humfumba macho kwa kitambaa ili aujue upepo kwa shavu na kwa sikio. Mazoezi haya hayana mtazamaji wala zawadi, nayo ndiyo yanayoamua mashindano. Mtoto akirudi nyumbani akasema leo tumefanya yale yale ya jana, mzazi na ashukuru.

Kuanza nako kuna elimu yake. Vyombo hamsini vinaweza kugombea mstari mmoja. Bendera ya onyo hupandishwa zikiwa zimebaki dakika 5, ya matayarisho zikibaki 4, ishara ya dakika 1 hufuata, kisha huanzwa. Milio hupigwa pamoja na bendera, lakini saa hufuata bendera. Mlio usiposikika, si udhuru. Mtoto aliyezoea kungoja kelele ataachwa. Na anayevuka mstari kabla ya wakati hana budi kurudi nyuma aanze upya, wenzake wakiwa wamekwenda zao. Dakika 5 hizo zirudiwe nyumbani mpaka awe anazihesabu hata katika usingizi.

Halafu kuna hesabu ya alama, ambayo ndani yake mna adabu kubwa. Wa kwanza hupata alama 1, wa pili 2, wa ishirini 20. Na mwenye jumla ndogo kabisa baada ya mbio zote ndiye mshindi. Kwa kawaida mbio moja mbaya kuliko zote hufutwa, lakini ni moja tu. Kwa hesabu hii, mtoto anayekuwa wa tano kila siku humshinda anayekuwa wa kwanza leo na wa thelathini kesho na kesho kutwa. Anayebahatisha, akaenda peke yake pembeni kutafuta upepo wa miujiza, huenda akapata siku moja; lakini mbio ni nyingi. Hili linafanana na ibada: amali ndogo yenye kudumu ina thamani kuliko kubwa ya siku moja.

Kanuni bila ya mwamuzi

Miezi yote hiyo, jioni ziwe za kanuni. Kanuni za mbio za tanga ni kitabu kizima, na hupitiwa upya kila baada ya miaka minne. Toleo linalotumika sasa ni la 2025 hadi 2028. Mtoto hahitaji kukihifadhi chote, lakini misingi lazima aijue kwa yakini. Vyombo viwili vikikutana vikiwa vimepokea upepo pande tofauti, kinachoupokea upande wa kulia ndicho chenye haki, kingine hupisha. Vikiwa vimepokea upepo upande mmoja, kilicho goshini, yaani karibu zaidi na upepo utokako, hukipisha kilicho demani. Haruhusiwi kutikisa tanga au mwili ili kujisukuma kama apigaye kasia. Akigusa boya, azunguke mara moja; akimkosea mwenzake njia, azunguke mara mbili, kisha aendelee.

Lakini zingatieni, ndugu zangu, ni nani anayemwambia azunguke. Mara nyingi hakuna. Mchezo huu hauna mwamuzi anayekimbia na filimbi kati ya wachezaji. Waamuzi wachache huwa majini, na malalamiko husikilizwa baadaye ufukweni mbele ya jopo. Lakini kwa sehemu kubwa mtoto mwenyewe ndiye anayejua kama ameligusa boya au hakuligusa, na inamlazimu kujiadhibu hapo hapo, mbele ya wenzake wanaompita. Mimi sijui madrasa bora ya amana kuliko hiyo. Mzazi anayemfunza mwanawe kwamba aliyekosea bila ya kuonekana hakukosea, asimpeleke huko. Na mzazi anayemlea mwanawe kujua kwamba yuko amwonaye hata pasipo na mwamuzi, ameshamaliza nusu ya matayarisho bila ya kujua.

Juu ya kanuni zote kuna ile ya mwanzo, nayo ni kwamba baharia atamsaidia kila aliye hatarini. Haikuwekwa kwa pambo. Mwaka 1988, katika Olimpiki ya Seoul, mbio za tanga zilikuwa zikifanyika Pusan. Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa katika nafasi ya pili katika mbio za siku hiyo, upepo ukiwa mkali na mawimbi makubwa, alipowaona mabaharia wawili wa Singapore ambao chombo chao kilikuwa kimepinduka, nao wamejeruhiwa. Aliacha njia yake, akawaendea, akakaa nao hadi walipofikiwa na boti ya uokozi, kisha akaendelea akiwa nyuma ya wengi. Jopo lilimrejeshea nafasi ya pili katika mbio zile. Medali ya michezo hakupata, lakini alipewa medali ya heshima yenye jina la Pierre de Coubertin, na leo jina lake linatajwa na watu wasiokumbuka ni nani aliyeshinda. Sisi, ambao dini yetu imetufunza uzito wa kuihuisha nafsi moja, tumwambie mtoto waziwazi kabla hajaondoka: ukimwona mwenzako yumo hatarini, acha mbio. Nyumbani hutaulizwa kwa nini hukushinda.

Maji ya wenyewe

Miezi miwili ya mwisho ni ya kuyafikiria maji ya watu. Hapa nahodha wa kale na kijana wa leo wako sawa, na hapa ndipo msemo wa usisafirie nyota ya mwenzio unapopata maana yake ya kweli. Bahari ya kwetu hupwa na kujaa sana. Wakati wa bamvua tofauti ya maji Mombasa huzidi mita 3, na mikondo ya Kilindini, Tudor na Mtwapa humchukua mtoto asiyeijua. Katika ufuo wa Oman kujaa na kupwa ni kudogo zaidi. Kwa upepo pia tunatofautiana. Kijana wetu atafanya sehemu kubwa ya mazoezi yake wakati wa kusi, upepo mzito wa kunyooka, akazoea kujitupa nje ya chombo na kupambana nao. Kule, katika miezi ya baridi, asubuhi huwa shwari, kisha jua likishapasha nchi kavu moto, upepo wa baharini huamka adhuhuri, nao huwa mwepesi na wa kugeukageuka kabla ya kutulia. Aliyezoea nguvu tu atasumbuka katika upepo unaotaka subira.

Dawa yake iko hapa hapa. Aamke alfajiri baada ya swala, aingie majini umande unapovuma kidogo kidogo kutoka bara, ajifunze kukaa kimya chomboni asikitikise. Na demani itakapoingia, kusi likishalegea, asiipoteze hata wiki moja, kwani huo ndio msimu unaofanana zaidi na alikokusudia kwenda.

Hata hivyo asijitayarishie upepo wa aina moja. Mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2008 yalifanyika Qingdao, China, mahali palipojulikana kwa upepo mdogo. Wako mabaharia waliopunguza uzito wa miili yao kwa ajili hiyo. Lakini siku ya mbio ya mwisho ya vyombo vya watu wawili viitwavyo 49er, upepo na mawimbi vilikuja kwa nguvu. Wadenmaki Jonas Warrer na Martin Kirketerp, waliokuwa wakiongoza kwa alama, walivunjikiwa mlingoti kabla ya kuanza. Wakroatia Pavle Kostov na Petar Cupać, ambao hawakuwamo katika mbio hiyo, waliwaazima chombo chao. Wadenmaki walikitayarisha mbiombio, wakaanza dakika kadhaa nyuma ya wengine, wakapinduka njiani, wakamaliza wa saba; na kwa hesabu ya alama za siku zote, dhahabu ikawa yao. Malalamiko yalipelekwa, yakasikilizwa, yakakataliwa.

Kwangu mimi kisa hiki kina mafunzo matatu kwa mzazi. Kwanza, upepo hauna mkataba na mtu. Pili, aliyejiandaa vyema huweza kusimama hata katika chombo cha kuazima. Na kijana wetu naye yamkini atakodi chombo hapo Oman, basi azoee kuchunguza kila kamba, kila kifundo na kila pini ya chombo asichokijua, badala ya kulalamika kwamba si chake. Tatu, aliyewaazima Wadenmaki alikuwa mshindani. Adabu za mgeni, salamu, kusaidia wengine kubeba vyombo vyao mchangani, ni matayarisho pia.

Na neno moja kuhusu kupunguza uzito. Wale walikuwa watu wazima. Mtoto wa miaka 13 anakua. Asinyimwe chakula ili awe mwepesi, wala asishindiliwe ili awe mzito. Ale, anywe maji ya kutosha, alale mapema. Mkufunzi atakayemwambia ajinyime chakula aelezwe kwa upole kwamba mtoto huyu ni amana ya wazazi wake.

Swala, sitara na ulinzi

Mama ameuliza juu ya swala, naye ameuliza la maana. Wengi hudhani msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya popote na kwa siku zozote. Ruhusa ipo, lakini ina masharti, na katika madhehebu yetu ya Shafi mwenye kukusudia kukaa mahali pamoja siku nne kamili haendelei kuhesabiwa msafiri. Mashindano haya yaweza kuchukua wiki. Basi swali hili apelekewe sheikh mapema, pamoja na ratiba mkononi, na kijana aende akijua hukumu yake. Zaidi ya hukumu, pana mazoea. Akizoea huku kwamba Adhuhuri ikiingia hajashuka majini huswali kwanza, na akiwa ameshashuka hukumbuka kurejea kabla ya wakati kutoka, huko hatapata tabu. Anakwenda nchi ya Waislamu. Misikiti na chakula cha halali havitamsumbua. Safari ya pili huenda ikawa Ureno au Uhispania, na mazoea ya safari hii ndiyo atakayokwenda nayo.

Wenye mabinti wanaotamani mchezo huu nao wasikate tamaa kwa sababu ya mavazi. Kanuni huweka mpaka wa uzito wa nguo ili mtu asijitie mzigo wa kumsaidia; haiweki mpaka wa sitara. Anayetaka kujifunika mwili mzima ana nafasi, na jua la baharini litamfundisha kila mtu kufanya hivyo. Suala la nani atafuatana na binti, hilo ni la familia na wanazuoni wao, lizungumzwe mwanzo kabisa, si tikiti zikishakatwa.

Kisha ulinzi. Ulizeni bila ya haya: watu wazima gani wanasafiri na watoto, na nani anawajua? Watoto watalala wapi, na nani ana ufunguo? Mtoto asilale chumba kimoja na mtu mzima asiye mzazi au jamaa yake, hata awe mkufunzi mwenye sifa gani. Awe na njia ya kuzungumza na nyumbani kila jioni. Hati ya kusafiria, viza, barua ya idhini ya wazazi wote wawili na bima ya matibabu viwe vimekamilika mwezi mzima kabla ya safari. Mwenye nia njema hatakasirishwa na maswali haya. Na anayekasirika amewajibu.

Gharama nazo ziandikwe: tikiti, malazi, kodi ya chombo, ada ya kushiriki, sehemu ya mkufunzi. Msikope kwa riba ili mtoto akashindane, na msiuze kinachowalisha ndugu zake. Mkiwaomba watu wa mtaa mchango, wekeni hesabu wazi, na kilichobaki kirejee kwa watoto wengine wa mchezo huu. Ikiwa fedha haikupatikana mwaka huu, mazoezi hayakupotea; mtoto aliyejua kuogelea, kubisha na kujiadhibu akikosea ameshapata faida.

Marejeo

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kijana huyu ataondoka na kurudi, in shaa Allah, na pengine atarudi akiwa wa arubaini. Yeyote anayekwenda mara ya kwanza kwa wenyeji wa namna ile ana haki ya kutarajia hivyo, na mzazi amwandae kwa hilo kabla hajapanda ndege. Baba wa mtoto na ayasikie haya kwa mapenzi: ukimtuma akawaoneshe watu, akishindwa atarudi na aibu, na bahari ataiacha. Ukimtuma akajifunze, hata akiwa wa mwisho atarudi na kitu.

Na kitu hicho asikifungie moyoni. Tumebakiwa na wazee wachache wanaojua kuusoma upepo bila ya chombo cha kupimia, na mafundi wachache wanaoweza kuunda jahazi. Vijana wetu wanaijua bahari kwa injini. Mtoto mmoja anayejua tanga, akirudi akawafundisha watatu ufukweni siku za Jumamosi, chini ya jicho la mkubwa mwenye boti ya uokozi, atakuwa amemfanyia babu yake wema mkubwa kuliko kikombe. Na ikiwa babu yungali hai, kijana na aanze leo kukaa naye barazani, amuulize namna alivyoujua upepo kabla haujafika. Hilo nalo limo katika mazoezi ya miezi 8, tena halina gharama.

Mfungeni ngamia wenu barabara, kisha mumtegemee Mola wenu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu bara na baharini, awape elimu yenye manufaa na tabia njema, na awarudishe makwao salama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.